Neno Moja, Mizigo Mingi: Maana za Neno la Kiingereza "Charge"

Wahenga walisema, "Asiyejua maana haambiwi maana." Nasi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maana za neno moja la Kiingereza ambalo watu wa mashamba na watu wa miji hukutana nalo kila siku: juu ya risiti ya dawa, katika barua ya benki, katika kituo cha polisi, juu ya betri, na katika hati ya shamba. Neno hilo ni "charge", nalo hutamkwa "chaji". Herufi zake ni 6 tu, lakini maana zake ni nyingi, na mtu ashikaye maana moja akaziacha nyingine aweza kupoteza fedha zake, au uhuru wake, au hata ardhi aliyoachiwa na babaye.

Asicheke mtu akidhani kwamba Waingereza peke yao ndio wenye maneno ya namna hii. Hata lugha yetu inayo. "Paa" ni mnyama wa porini, tena ni sehemu ya juu ya nyumba, tena ni kazi ya mpishi aondoaye magamba ya samaki. "Kaa" ni mnyama wa pwani mwenye magando, tena ni kipande cha moto, tena ndivyo tumwambiavyo mgeni aketi. Lakini iko tofauti kubwa. Maneno yetu hayo yamefanana kwa sauti tu. Hayana undugu, kama watu wawili wenye jina moja wasio wa ukoo mmoja. Neno "charge" si hivyo. Hilo ni kama mti mmoja wenye matawi mengi, na ajuaye shina lake aweza kulifuata kila tawi mpaka mwisho. Basi na tuanze na shina.

SHINA LA NENO

Hapo kale Warumi walipata kwa watu wa Gaul, nchi ambayo sasa ni Ufaransa, neno "carrus", maana yake gari la magurudumu la kuchukulia mizigo. Baadaye Kilatini cha siku za mwisho kikafanya kitendo kwa neno hilo, "carricare", yaani kupakia gari. Wafaransa wakalirithi wakalifanya "charger", nalo pia lilikuwa na maana ya kupakia. Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka 1066 na kuitawala, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza katika miaka iliyofuata, na hili likawa mojawapo. Ndugu zake wako hata leo: "carry", yaani kuchukua, "car", yaani motokaa, na "cargo", yaani shehena, ambalo lilipitia Kihispania. Msomaji asidhani kwamba neno letu "gari" ni la ukoo huo. Hilo lilitujia kutoka Bara Hindi.

Kwa hiyo maana ya asili ya "charge" ni mzigo, na kupakia mzigo. Shikeni sana neno hilo, mzigo, maana ndilo ufunguo wa mlango huu. Kila tulionapo neno "charge" tutauliza mambo matatu: Mzigo huu ni wa nini? Ni nani aliyetwikwa? Na ni nani awezaye kuutua?

MZIGO WA MFUKO

Maana inayojulikana zaidi na watu wote ni malipo. Mtu akikufanyia kazi akakudai fedha, ametia mzigo katika mfuko wako. Basi kibao kikisema "free of charge" maana yake ni bure. Mfuko wako hauna mzigo. Lakini Waingereza hutenga maneno yao. Nauli ya basi huitwa "fare". Karo ya shule na ada ya wakili huitwa "fee". Bei ya sukari dukani ni "price". "Charge" hasa ni malipo yadaiwayo kwa huduma, kama kuletewa mzigo nyumbani, au kutumiwa fedha, au kutunziwa fedha.

Ndiyo sababu benki hukata zile ziitwazo "bank charges". Mtu aweka shilingi 10,000, asiziguse, na baada ya miezi kadha aona zimepungua. Aanza kupiga kelele kwamba ameibiwa. Huenda hakuibiwa, amekatwa malipo ya huduma ambayo alikubali siku ile alipotia sahihi bila kuuliza. Ni haki ya kila mtu kuuliza kabla ya kufungua hesabu: malipo hayo ni kiasi gani, na hukatwa lini?

Tena mtu akisema dukani, "Charge it to my account," hakusema kwamba analipa. Amesema, "Niandike katika daftari." Hilo ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

MZIGO WA ULINZI

Mtu aliyekabidhiwa kazi au mali au watu wa kuwatunza ametwikwa mzigo mabegani. Huyo Waingereza husema yuko "in charge". Mkuu wa kituo cha polisi ni "officer in charge". Huko Tanzania watu wamelitia neno hili katika Kiswahili chao cha kila siku, na mkuu wa zahanati huitwa "inchaji". Wengi huona cheo tu, wakamhusudu mwenye nacho. Lakini maana ya neno yaonyesha kwamba cheo ni mzigo. Dawa zikipotea katika zahanati, inchaji ndiye atakayeulizwa kwanza. Walisema kweli waliosema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hapa twataka wanafunzi wa Kiingereza waangalie sana, kwa kuwa kuna neno dogo la herufi 3 ligeuzalo maana yote, nalo ni "the". Tukiandika, "The nurse is in charge of the child," maana yake muuguzi ndiye mlinzi wa mtoto. Tukiandika, "The child is in the charge of the nurse," maana yake ni hiyo hiyo: mtoto yuko katika ulinzi wa muuguzi. Lakini mtu akiisahau "the" akaandika, "The prisoner is in charge of the constable," kwa Kiingereza cha siku hizi amesema kwamba mfungwa ndiye mkuu wa askari! Asomaye barua hiyo atacheka, lakini aliyeiandika huenda akakosa kazi.

MZIGO WA SILAHA, NA MZIGO WA VITA

Wazee wetu waliowinda kwa gobori walijua kwamba bunduki nayo hupakiwa. Kwanza baruti, kisha mshindilio, kisha risasi. Kile kiasi cha baruti kilichotiwa Waingereza hukiita "charge". Kikiwa kidogo, risasi huanguka karibu. Kikizidi, mtutu waweza kupasuka ukamwumiza mwindaji. Hata leo watu wa machimbo wapasuao mawe kwa baruti hulitumia neno hili kwa kiasi kile kile kitiwacho katika tundu la mwamba.

Tena nyati akimjia mwindaji mbio na pembe zimeinama, Waingereza husema "the buffalo charged". Amemwelemea kwa uzito wake wote. Na askari wapanda farasi wakiwaendea adui mbio kwa pamoja, mashambulio hayo pia huitwa "charge". Yaliyo mashuhuri kuliko yote ni yale ya tarehe 25 Oktoba 1854 huko Balaclava, katika nchi ya Crimea kando ya Bahari Nyeusi, Waingereza walipokuwa wakipigana na Warusi. Twaisimulia habari hiyo kwa sababu yafaa sana katika somo letu: watu walikufa kwa ajili ya maneno yasiyofahamika.

Jemadari mkuu wa Waingereza, Lord Raglan, alikuwa juu ya kilima. Kutoka huko aliwaona Warusi wakijiandaa kuondoa mizinga waliyoiteka asubuhi ile katika ngome ndogo zilizolindwa na Waturuki. Akatoa amri kwa maandiko kwamba wapanda farasi waende upesi kuwazuia adui wasiichukue mizinga. Amri hiyo haikutaja ni mizinga ipi. Kapteni Nolan akashuka nayo mbio juu ya farasi akamkabidhi Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi. Lucan alikuwa bondeni, wala hakuweza kuona kile alichokiona Raglan. Akauliza, mizinga ipi? Nolan akanyosha mkono tu kuelekea bondeni, na mwisho wa bonde lile ilikuwako mizinga mingine ya Warusi, tena kulikuwa na mizinga yao pande zote mbili za bonde.

Basi askari wapatao 670, wakiongozwa na Lord Cardigan, waliingia katika bonde lile wakipigwa kutoka pande tatu. Nolan mwenyewe alikuwa katika watu wa kwanza kufa. Walifika kwenye mizinga ile kwa ushujaa mkubwa, lakini hawakuweza kuishika, wakarudi wachache walivyoweza. Yapata watu 110 walikufa, na wengi walijeruhiwa au kutekwa. Mshairi Tennyson alitunga shairi juu yao mwaka ule ule, na kwa hiyo sifa zao zimebaki. Lakini sisi tusomao twapata onyo: neno likiwa na maana mbili, ni heri kuuliza mara ya pili kuliko kwenda mbio mahali pasipo pake.

MZIGO WA UMEME

Katika miaka ya 1740 Benjamin Franklin wa Philadelphia, huko Marekani, alikuwa akijaribu mambo ya umeme kwa chupa za kioo zilizovikwa madini ndani na nje. Aliona kwamba chupa hizo huweza kutiwa umeme zikautunza, kisha zikautoa kwa mara moja kwa cheche na kishindo. Alidhani umeme ni kama kitu cha majimaji kinachoweza kujazwa na kupunguzwa, na katika barua zake akaandika habari za kuichaji chupa, kama vile mtu ajazavyo bunduki. Neno likabaki. Leo mafundi wa sayansi hulitumia kwa umeme ulio chanya na umeme ulio hasi, na ndugu zetu hulitumia kila jioni wasemapo, "Simu yangu imeisha chaji."

Hili ndilo tawi ambalo Kiswahili kimelikata na kulipanda katika shamba lake, nalo limeota vizuri. Lakini hapo ndipo palipo na mtego. Kwa kuwa "chaji" imekuwa neno letu kwa umeme na kwa malipo madogo, mtu alionapo neno hili katika karatasi ya Kiingereza hudhani kwamba amekwisha kulijua. Ni kama mtu aliyemwona ndugu mmoja wa nyumba akadhani amewaona wote.

Tena chombo cha kuchajia simu, tukiitacho chaja, ni "charger". Lakini katika vitabu vya zamani "charger" ni farasi wa vita. Na asomaye Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 atakuta kwamba kichwa cha Yohana Mbatizaji kililetwa katika "charger", na hapo si farasi wala si chombo cha umeme, bali ni sinia kubwa ya kupakulia chakula.

MZIGO WA MASHITAKA

Sasa twafika katika maana nzito zaidi. Mtu akidaiwa kwamba ametenda kosa la jinai, ametwikwa neno juu ya kichwa chake. Neno hilo huitwa "charge", na karatasi liandikwapo huitwa "charge sheet", yaani hati ya mashitaka.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba "charge" si hukumu. Mtu aliyeshitakiwa ametwikwa mzigo wa maneno, lakini bado haijathibitika kwamba maneno hayo ni ya kweli. Majirani wakisikia kwamba fulani "amechajiwa" wasimwite mwizi. Ni juu ya upande wa mashitaka kuthibitisha, wala si juu ya mshitakiwa kuonyesha kwamba hana kosa.

Jambo la pili ni kwamba hapana mtu awezaye kujibu neno asilolijua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba aliyekamatwa aelezwe upesi, kwa lugha aifahamuyo, sababu ya kukamatwa kwake. Tena kwamba mshitakiwa aelezwe mashitaka yake kwa kirefu cha kutosha apate kuyajibu. Tena kwamba asiyefahamu lugha ya mahakama apewe mkalimani pasipo kulipa. Huko Tanzania sheria iligeuzwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya mahakama. Sheria hizo ni nzuri, lakini haki isiyoulizwa ni kama maji ya kisima kisicho na kamba. Ukisomewa mashitaka usiyoyafahamu, usijibu "ndiyo" kwa kuona haya. Sema, "Sikufahamu, naomba nielezwe." Neno "ndiyo" laweza kuandikwa kwamba umekiri kosa, na kulifuta ni kazi kubwa.

Angalieni pia tofauti hii ndogo. "He was charged 500 shillings" maana yake alitozwa shilingi 500. "He was charged with stealing 500 shillings" maana yake alishitakiwa kwa kuiba shilingi 500. Mtu mmoja amelipa kwa amani akaenda zake. Mwingine atalala mahabusu.

MZIGO WA ARDHI

Maana ya mwisho ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili, maana ndiyo isiyojulikana sana na watu wa mashamba, nayo yaweza kuwaumiza kuliko zote.

Na tuchukue mfano. Tuseme yuko mzee mmoja katika Kenya mwenye shamba la eka 4 na hati yake. Mpwa wake ataka kununua motokaa ya kuchukulia abiria, naye amepata benki iliyo tayari kumkopesha, ila yataka dhamana. Mpwa aja kwa heshima na kusema, "Shikamoo mjomba. Naomba unisaidie hati yako kwa muda tu." Mzee ampenda mtoto wa dada yake, akubali. Wafika mjini, waletewa karatasi nyingi za Kiingereza, na juu ya moja imeandikwa neno "charge" kwa herufi kubwa. Mzee auliza, "Hii ni nini, mwanangu?" Mpwa, ambaye naye hajui zaidi, ajibu, "Ni chaji ya benki tu, mjomba. Mimi nitailipa." Mzee atia sahihi. Amedhani kwamba ni malipo ya huduma, labda shilingi mia chache.

Kumbe "charge" ile ni mzigo uliowekwa juu ya shamba lenyewe. Maana yake ni kwamba shamba ni dhamana ya deni, ndiyo tuitayo rehani. Mzigo huo huandikwa katika daftari ya msajili wa ardhi, na kila akaguaye daftari ile ataona kwamba shamba limebebeshwa deni. Motokaa ikianguka bondeni au biashara ikifa, na mpwa akashindwa kulipa, mwenye kukopesha aweza kuliuza shamba ajilipe. Mzee hakukopa hata senti moja, lakini shamba lake ndilo lililotwikwa.

Si kwamba jambo hili ni ovu. Watu wengi wamejenga nyumba na kuanza biashara kwa mikopo ya namna hii, wakalipa wakarudishiwa hati zao. Ubaya ni kutwikwa gizani. Basi yafaa kila mwenye ardhi katika Kenya ajue mambo haya yaliyomo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012.

La kwanza, "charge" ni dhamana tu. Shamba halihami kwa mwenye kukopesha siku ile itiwapo sahihi. La pili, kama mali iwekwayo ni nyumba ya ndoa, mume au mke wa mwenye mali naye lazima aitie sahihi hati ile, na bila hivyo haina nguvu. La tatu, deni lisipolipwa, shamba haliuzwi kesho yake. Deni likikaa mwezi mmoja bila kulipwa, mwenye kukopesha aweza kuleta notisi ya kutaja kiasi kinachotakiwa, na kumpa mwenye ardhi muda usiopungua miezi 3 wa kulipa. Muda huo ukipita, hana budi kuleta notisi nyingine ya kuuza, na zipite siku zisizopungua 40 kabla ya kukamilisha mauzo. Barua hizo huwa na neno "charge" mara nyingi. Azitupaye katika sanduku akidhani ni habari za malipo madogo ya benki atashtuka siku ile dalali ajapo na kengele yake.

Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yatumia neno jingine, "mortgage". Jina ni tofauti, lakini mzigo ni ule ule. Kwa hiyo mtu wa huko asidhani amesalimika kwa kutoliona neno "charge" katika karatasi yake.

KUTUA MZIGO

Waingereza wakitaka kusema kutua mzigo huongeza herufi chache mbele, "discharge". Meli ikishusha shehena bandarini yafanya "discharge". Bunduki ikilia, mzigo wake wa baruti umetoka. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani husemwa "discharged", na askari aachaye jeshi vile vile. Usaha au maji yatokayo katika kidonda huitwa "discharge" pia, na mgonjwa akiulizwa habari hizo na daktari asidhani kwamba anaruhusiwa kwenda kwao.

Mahali pawili neno hili lataka uangalifu. Kortini mtu akiambiwa kwamba ni "discharged" kwa sababu mashitaka yameondolewa kabla hajatakiwa kujitetea, ametuliwa mzigo kwa sasa tu. Aweza kushitakiwa tena kwa jambo lile lile. Aliye "acquitted" ndiye aliyeonekana hana hatia, naye hashitakiwi tena kwa kosa hilo. Mtu akitoka mahakamani amwulize wakili au karani, "Nimeambiwa neno gani kati ya hayo mawili?"

Na katika ardhi, kulipa senti ya mwisho ya deni hakutoshi. Yapasa ipatikane hati ya "discharge", ikaandikishwe kwa msajili, ili mzigo ufutwe katika daftari. Wako watu waliomaliza deni wakafurahi, wakaiacha karatasi hiyo, na watoto wao walipotaka kuligawa shamba wakakuta mzigo ungali umeandikwa juu yake.

FUNGUO ZA KUTAMBUA MAANA

Mara nyingi neno dogo lifuatalo "charge" ndilo litujulishalo maana.

"Charge for": malipo ya kitu au huduma.
"Charge with", likifuatwa na kosa: mashitaka.
"Charge with", likifuatwa na kazi: kukabidhiwa wajibu.
"In charge of": msimamizi.
"In the charge of": asimamiwaye.
"Charge at": kushambulia mbio.
"Charge on" au "charge over", pamoja na ardhi au mali: dhamana ya deni.

ZOEZI

Fasiri sentensi hizi kwa Kiswahili, kisha utazame majibu hapa chini.

1. There is no charge for this medicine.
2. The sergeant is in charge of the station.
3. The boy was left in the charge of his aunt.
4. She was charged with stealing a goat.
5. She was charged three thousand shillings for the goat.
6. The committee is charged with repairing the road.
7. The elephant charged at the lorry.
8. There is a charge on this land.

Majibu: 1. Dawa hii ni bure. 2. Sajini ndiye mkuu wa kituo. 3. Mvulana aliachwa katika ulinzi wa shangazi yake. 4. Alishitakiwa kwa kuiba mbuzi. 5. Alitozwa shilingi elfu tatu kwa mbuzi yule. 6. Kamati imekabidhiwa kazi ya kutengeneza barabara. 7. Tembo aliliendea lori mbio kulishambulia. 8. Ardhi hii imewekwa dhamana ya deni.

Aliyepata yote 8 ameanza kulijua neno hili. Aliyekosa ya 8 na asome tena sehemu ya ardhi kabla ya kwenda mjini na hati yake.

Twamaliza kwa shauri moja. Usione haya kuuliza maana ya neno, hata kama aliye mbele yako ni mkubwa na wewe umevaa nguo za shamba. Kalamu ni nyepesi mkononi, lakini yaweza kumtwika mtu mzigo ambao wajukuu wake wataubeba. Kabla ya kutia sahihi mahali palipoandikwa "charge", uliza: Mzigo huu ni wa nini, ni nani atakayeubeba, na utatuliwa lini? Ukijibiwa yote matatu kwa lugha uifahamuyo, tia sahihi kwa moyo mweupe. Usipojibiwa, kunja karatasi yako urudi nyumbani ukatafute wa kukufasiria.